Huduma ya Mitaani na Mwenye Nyumba ya Wageni

Somo la vikundi vya nyumbani wiki hii. Soma Luka 10:25–37 na Isaya 58:6–10 kabla ya kuendelea.

Mfano wa Msamaria tumeuhubiri hadi watoto wa shule ya Jumapili wanaweza kuuigiza bila kufunzwa. Kuhani anapita, Mlawi anapita, Msamaria anasimama, tunasema amina, tunaenda kwa matangazo. Wiki hii nataka tukae na mtu mwingine kwenye hiyo hadithi, mtu ambaye mimi sijawahi kusikia akihubiriwa: mwenye nyumba ya wageni.

Angalia vizuri mistari ya 34 na 35. Msamaria alimhudumia yule mtu pale barabarani, akambeba, akalala naye usiku mmoja. Asubuhi akaondoka kwa sababu alikuwa na safari yake. Alichoacha nyuma ni dinari mbili, maagizo, na ahadi kwamba akipitia tena atalipa gharama itakayokuwa imeongezeka. Ukisoma Mathayo 20 utaona dinari moja ndiyo kibarua alilipwa kwa siku. Kwa hivyo hizo ni siku mbili za mjengo, pesa ambayo fundi yeyote hapa kanisani anaweza kuitoa. Baada ya hapo nani alibadilisha bandeji? Nani aliamka saa tisa usiku mgonjwa akilia? Ni mtu ambaye Luka hakumpa jina wala neno moja la kusema.

Naleta hili kwa sababu tumekuwa tukienda mtaani kila Jumamosi, huu ni mwaka wa tatu, na swali ninaloulizwa sana na washirika ni hili: "Mmepeleka mikate, mmepeleka mablanketi, mbona wale vijana bado wako pale?" Si swali la dharau. Ni swali la mtu anayetoa sadaka yake na anataka kujua inaenda wapi. Jibu langu ni kwamba Nairobi ina Wasamaria wengi. Jumamosi jioni ukisimama karibu na raundabauti ya Globe unaweza kuona makundi matatu ya makanisa yakigawa chakula kwa watu wale wale, halafu Jumanne hakuna hata mmoja. Wenye nyumba za wageni ndio wachache, na hao wachache mara nyingi hawajuani na sisi hatuwajui.

Kwanza tujue tunazungumzia nani. Mwaka wa 2018 serikali ilifanya hesabu ya kitaifa ya watu wanaoishi mitaani, ikapata 46,639. Nairobi peke yake walikuwa 15,337 na Mombasa 7,529, yaani miji hiyo miwili ilibeba karibu nusu ya nchi nzima. Hao ndio tunaowaita chokoraa, jina linalotokana na kuchokora takataka, na naomba hilo jina tuliache mlangoni. Hakuna mtu amezaliwa na jina hilo. Wenyewe wana majina, na ukiwauliza watakuambia.

Ndani ya hiyo namba kuna watu wa aina nyingi. Kuna mtoto wa miaka kumi aliyetoroka nyumbani wiki iliyopita. Kuna kijana wa miaka ishirini na kitu aliyezaliwa mtaani na sasa ana mtoto wake pale pale. Kuna mama mwenye mtoto mgongoni, kuna shosho aliyefukuzwa shambani baada ya kuzikwa mumewe, kuna mwanamume anayezungumza peke yake ambaye anahitaji daktari wa akili kabla ya kitu kingine chochote. Mkate unawafaa wote kwa usiku mmoja. Baada ya usiku huo, kila mmoja anahitaji mlango tofauti. Wa kwanza anahitaji afisa wa watoto, wa pili kitambulisho na kazi, wa mwisho hospitali kama Mathari. Hakuna kanisa lenye milango yote hiyo, hata lile lenye viti elfu tano.

Wengi wetu tunaamini watoto wanaenda mtaani kwa sababu ya utundu. Mwaka wa 2016 jarida la JAMA Pediatrics lilichapisha utafiti uliokusanya tafiti 49 kutoka nchi 24, ukiangalia sababu wanazotoa watoto na vijana wenyewe. Umaskini ulitajwa na 39 kwa mia, ugomvi wa kifamilia 32 kwa mia, kudhulumiwa 26 kwa mia. Utundu ulikuwa mwisho, 10 kwa mia. Kwa hivyo unapomwona mtoto na chupa ya gundi mdomoni, usianze na gundi. Ile gundi ya fundi viatu ina kemikali inayotuliza njaa na baridi, ndiyo maana anaishika hivyo. Ni mbaya, inaharibu ubongo, na nimeona vijana wakiisha. Lakini ilikuja baada ya shida, haikuitangulia.

Kazi hii haikuanza na sisi. Mwaka wa 1973 padri mmoja Mholanzi, Arnold Grol, alianzisha Undugu Society hapa Nairobi akiwatafuta wale waliokuwa wakiitwa "parking boys", vijana waliokuwa wakiwaelekeza wenye magari mahali pa kuegesha ili wapate senti mbili tatu. Najua kuna wanaosema, hao si wa upande wetu. Sawa. Lakini Msamaria pia hakuwa wa upande wa yule aliyemwokota. Shirika hilo lilijifunza mapema kwamba kijana wa mtaani hatoki kwa kuvutwa mkono, anatoka akiwa na kundi la wenzake, akiba kidogo na kazi ya kufanya.

Halafu mwaka wa 2003, serikali mpya ilipoingia, aliyekuwa waziri wa serikali za mitaa, marehemu Karisa Maitha, aliongoza ile kampeni kubwa ya kuondoa familia za mitaani katikati ya jiji. Wazee wenzangu mnaikumbuka. Vijana wakapelekwa NYS, wengine wakajifunza ufundi wa magari, useremala, udereva, na hadi leo wanafanya kazi. Wengine wakarudi. Mwaka huo huo ukaundwa mfuko wa serikali wa kurekebisha familia za mitaani, ambao unafanya kazi kwa kushirikiana na vituo na mashirika yaliyoko tayari. Wazo la ushirika basi liko kwa karatasi zaidi ya miaka ishirini.

Lakini kwa barabara wenzetu wa mtaani wanajua kitu kingine: lori. Mgeni mkubwa anakuja, usiku kanjo wanapita, watu wanabebwa, wanamwagwa mbali. Ile sheria ya uzururaji ya enzi za mkoloni ilifutwa mwaka wa 1997, lakini tabia haikufutwa pamoja nayo. Na kila mara lori linapopita, sisi tunaoenda Jumamosi tunapoteza miezi. Yule kijana aliyekuwa ameanza kutuamini hayuko. Dawa zake zimebaki kwenye gunia lililochomwa. Ndiyo maana nasema ushirika na jiji si jambo la kupendeza tu kwenye mkutano. Kama ofisi ya kaunti inajua kwamba beisi fulani, yaani mahali kundi linapolala, ina watu saba walio kwenye dawa za kifua kikuu, na inajua ni nani anawafuatilia, kuna mtu wa kumpigia simu kabla lori halijaondoka.

Kuna mji mmoja ng'ambo ambao nimeusoma sana kuhusu jambo hili, nao ni Houston, Texas. Mwaka wa 2011 ulikuwa miongoni mwa miji ya Marekani yenye watu wengi zaidi wasio na makao. Makanisa yalikuwepo, mashirika yalikuwepo, pesa ilikuwepo kiasi. Kila mmoja alikuwa na orodha yake na watu wake. Kuanzia 2012, meya akiwa Annise Parker, serikali ya mji, kaunti na mashirika zaidi ya 100 wakakubali mpango mmoja, The Way Home. Wahudumu wanaotembea mitaani wakaanza kuuliza maswali yale yale na kuandika kwenye orodha moja. Polisi wana kikosi chao kinachotembea na wahudumu wa afya ya akili. Mtu anatafutiwa nyumba kwanza, halafu ndipo anasaidiwa na pombe, ugonjwa au kazi akiwa tayari ana mlango wa kufunga. Kufikia 2022 watu zaidi ya 25,000 walikuwa wamehamishiwa kwenye nyumba, na idadi ya wasio na makao ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya nusu.

Si kila kitu kule ni cha kuiga. Mwaka ule ule wa 2012 mji huo ulipitisha sheria kwamba huwezi kulisha watu zaidi ya watano mahali pa mtu bila ruhusa ya mwenye mahali, hata kama ni mali ya umma, na sheria hiyo imeleta mabishano hadi mahakamani. Mimi siwezi kuikubali. Pia wao wana pesa za serikali kuu za kulipia watu kodi ya nyumba, na sisi hatuna. Lakini orodha moja haihitaji pesa za Washington. Inahitaji daftari, na watu wanaokubali kuonyeshana madaftari yao. Hapo ndipo sisi makanisa tunashindwa, kwa sababu kila mtu anataka ushuhuda uwe wa kwake.

Wacha niseme jinsi ushirika unavyoonekana ukiwa mdogo, chini kabisa.

Kuna mvulana mmoja, tuseme wa miaka kumi na mmoja. Kundi moja lilimpata, likamrudisha kwao kaunti nyingine siku ya Jumamosi na unga, blanketi na maombi. Picha zilipigwa, mama akalia, kila mtu akafurahi. Baada ya wiki mbili mvulana alikuwa amerudi Muthurwa. Aliyemfukuza nyumbani, baba wa kambo, alikuwa bado ameketi kwenye kiti kile kile, na hakuna aliyekuwa amemuuliza mtoto alitoroka nini. Mara ya pili mambo yalifanywa polepole. Afisa wa watoto wa hapa alizungumza na mwenzake wa kule. Ikagunduliwa kuna nyanya yake mzaa mama, umbali wa kilomita chache, anayemtaka. Mwalimu mkuu akakubali kumpokea katikati ya muhula. Na mchungaji wa kanisa dogo la pale, ambalo si la dhehebu letu, akakubali kumtembelea kila mwezi na kutupigia simu. Sisi tulitoa nauli na yunifomu. Huu sasa ni mwaka mmoja, na yule mvulana analala kwa nyanya yake. Huyo mchungaji wa kijijini ndiye mwenye nyumba ya wageni. Jina lake halitaonekana kwenye jarida hili, na mwenyewe aliniambia heri hivyo.

Kijana mwingine, miaka ishirini na miwili, alizaliwa mtaani na mama yake akafa akiwa mdogo. Hana cheti cha kuzaliwa, kwa hivyo hana kitambulisho. Bila kitambulisho hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, kwa hivyo hana M-Pesa. Mjengo wanamwomba kitambulisho getini. Askari akimsimamisha usiku hana cha kuonyesha. Mtu kama huyo unaweza kumwombea akaokoka kabisa, na nimeona wakiokoka, lakini Jumatatu bado ni mtu ambaye serikali haimjui. Kumpata kwenye karatasi kulihitaji rekodi ya hospitali ya uzazi, mzee wa mtaa aliyemkumbuka mama yake, barua ya chifu, ofisi ya usajili wa vizazi, halafu Huduma Centre mara tano. Ilichukua miezi minane. Dada mmoja wa kanisa hili anayefanya kazi za ofisi alikuwa akimsindikiza kila mara, kwa sababu akienda peke yake mlinzi alikuwa anamzuia mlangoni akiangalia nguo zake.

Sasa turudi kwa Isaya 58. Sisi ni watu wa kufunga. Januari tunafunga siku ishirini na moja bila kulalamika. Nabii anaweka mkate, nguo na makao ya maskini ndani ya saumu yenyewe, si kama nyongeza. Wengi wakisoma hapo wanafikiria mambo mawili: nimchukue mtoto nyumbani kwangu, au kanisa lijenge makao ya watoto. Yote mawili yana moyo mzuri, na yote mawili yanahitaji kuangaliwa.

Mtoto, yaani yeyote chini ya miaka kumi na minane, analindwa na Sheria ya Watoto ya 2022. Ukimchukua kutoka mtaani ukamweka kwako bila kuripoti, nia yako iwe njema namna gani, utajipata ukiulizwa kwa nini una mtoto wa mtu. Anza na afisa wa watoto wa kaunti ndogo au kituo cha polisi. Ikiwa ni usiku na hujui pa kuanzia, piga 116. Hiyo ni laini ya watoto, bila malipo. Iandike nyuma ya Biblia yako.

Na makao? Tangu Novemba 2017 serikali ilisimamisha kusajili makao mapya ya watoto, na kuna mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha kwa jamaa au familia za malezi. Kuna wapendwa ambao wamekasirishwa na hilo, kwa sababu wamelea watoto vizuri kwenye makao. Nawaelewa. Lakini nimeketi na vijana waliokulia kwenye makao, na wanachosema mara nyingi ni kwamba walipofika miaka kumi na minane walitoka getini na begi, bila mjomba wala shangazi wa kuwapokea. Wengine tunakutana nao kwenye beisi. Pesa ambayo tungejengea jengo inaweza kusaidia nyanya kumi kulea wajukuu wao. Katika hilo mimi nimekata shauri.

Kuhusu picha nitasema mara moja. Mtoto aliyelala kwenye karatasi si tangazo la huduma yetu. Siku akirudi shuleni wenzake wataiona hiyo picha kwenye simu. Kuhusu pesa taslimu pia: usitoe. Mnunulie chakula mle pamoja, au mlipie kuoga na kunyolewa, na umuulize jina.

Vikundi vya nyumbani, wiki hii msijadili sana kama tuwasaidie. Hilo tulishamaliza. Jadilini hivi: katika kikundi chenu nani ni mwenye nyumba ya wageni? Nani anafanya kazi hospitalini na anaweza kutuambia ni siku gani kliniki ya akili haina foleni? Nani ni mwalimu, nani ana karakana inayoweza kumchukua kijana mmoja kwa miezi sita, nani anamjua chifu wa eneo lake kiasi cha kumpigia simu? Nani ana kwao kaunti nyingine, mahali ambapo kanisa la nyumbani linaweza kumtembelea mtoto aliyerudishwa? Andikeni majina, mlete kwa ofisi ya kanisa kabla ya Ijumaa. Sisi tutakutana na makanisa mengine mawili yanayoenda Globe ili tugawane siku, wengine Jumanne, wengine Alhamisi, na tuanze daftari moja. Wao wamekubali. Afisa wa watoto amesema atakuja kuzungumza nasi.

Timu ya Jumamosi inaondoka kanisani saa kumi jioni. Tunahitaji watu wanne ambao wanaweza kuja kila wiki kwa mwaka mzima, kuliko arobaini wa siku moja. Vaa viatu vya kufunika, kuna vyupa kule chini karibu na mto. Simu iache mfukoni.